Ijara ya Wimbo katika Picha za Sinema: Mfano wa Masasi na Newala

Neno hakimiliki, kama lilivyozoeleka, lina upungufu mmoja: hutajwa kwa umoja, hali haki za wimbo mmoja uliotiwa katika picha ni nyingi. Mtunzi ana haki yake, na aliyenasa sauti ana yake. Kila moja huombwa peke yake, tena kwa matumizi yaliyotajwa. Ruhusa ya kuonyesha mchezo katika televisheni si ruhusa ya kuuza mchezo huo katika kanda. Kwa hiyo malipo haya ni ijara kuliko bei, kwani matumizi yakibadilika hapana budi kupatana upya.

Mchezo wa Kimarekani WKRP in Cincinnati, ulioonyeshwa tangu 1978 hadi 1982, wahusu kituo cha redio, na santuri zilizosikika humo zilikuwa za waimbaji mashuhuri. Sehemu yake ya kwanza ilipotolewa kwa diski za DVD mwaka 2007, ijara ilikuwa kubwa mno. Nyimbo nyingi zikaondolewa na muziki mwingine ukatiwa mahali pake. Watazamaji waliuona mchezo ule ule, ila hawakuusikia.

Katika Masasi, iliyo chini ya uwanda wa juu wa Makonde, na Newala, iliyo juu yake, picha na sauti zilitengana tangu mwanzo. Mwaka 1906 Karl Weule, wa makumbusho ya Leipzig, alifika huko na mitambo miwili: mmoja wa kunasa sauti katika mitungi ya nta, wa pili wa kupiga sinema zisizo na sauti. Miongoni mwa waliomwimbia alikuwamo Sulila, mwimbaji kipofu wa Masasi. Sauti hizo zimo katika hazina ya Berlin ambayo UNESCO iliiingiza mwaka 1999 katika orodha yake ya kumbukumbu za dunia.

Atakaye leo kuunganisha sauti hizo na picha, na kuziuza, amwombe nani? Weule alifariki mwaka 1926, na haki yake imekwisha. Kuhusu nyimbo, Sheria Na. 7 ya 1999 ya Tanzania huhesabu miaka 50 baada ya kifo cha mtunzi. Lakini wimbo wa jando hauna kifo cha kuanzia hesabu. Kwa sababu hiyo sheria ina sehemu nyingine, ya sanaa za jadi: kuzitumia kwa biashara nje ya mila zake kwahitaji idhini ya Baraza la Sanaa la Taifa, na ulinzi huo haukuwekewa kikomo cha miaka.

Tokeo lake ni la ajabu kidogo. Sulila, kwa kuwa jina lake limeandikwa, aweza kuhesabiwa mtunzi, ikiwa nyimbo zile ni zake mwenyewe. Na yamkini muda wake umekwisha zamani. Wale walioimba bila kuandikwa majina huhesabiwa jumuiya, na nyimbo zao bado zalindwa. Ila idhini, tofauti na ijara, hutolewa na aliye juu, wala si na mwenye mali. Nayo huombwa Dar es Salaam, si Newala.