Arobaini Bila Mtu wa Kukukanda

Mzazi akiwa ndani ya arobaini, kwetu Tanga, jiko si lake. Asubuhi anakandwa kwa maji ya moto, tumbo linafungwa mkaja, analetewa uji wa pilipili manga na supu ya kuku. Mtoto akilia usiku, yupo mwingine wa kuamka kumbembeleza. Mama yake au shangazi huhamia kabisa na kanga zake. Nilikuwa mkunga hadi nikastaafu, na pale kwenye mizani ya kliniki nilizoea kumtambua, kabla hajasema neno, mzazi mwenye mtu nyumbani na yule asiye naye.

Mambo haya si yetu peke yetu. Wachina wana mwezi wao wa kukaa ndani, marufuku maji baridi. Meksiko ni siku arobaini kama sisi, na supu ya kuku ileile.

Ila anayedhani mila inatosha anajidanganya. Hong Kong, watafiti walikuta kwamba ugomvi na mama mkwe ni miongoni mwa mambo yanayoambatana na sonona baada ya kujifungua. Sikushangaa. Mkwe anayekukanda huku akikusema, heri ujikande mwenyewe.

Wakati wa ukoloni walikuwapo madaktari walioamini kuwa Mwafrika haugui sonona, ni ugonjwa wa Wazungu. Miaka ya 1970 daktari Mwingereza, John Cox, akiwa Makerere, aliwafuatilia wajawazito wa Kasangati, nje kidogo ya Kampala. Akakuta kwamba kama mwanamke mmoja kati ya kumi aliingia kwenye sonona baada ya kujifungua, kiasi kisichopishana sana na alichokuja kukikuta Uskoti. Waganda wenyewe walikuwa wakijua tangu zamani kuwa uzazi unaweza kuvuruga akili. Hali ile kali waliiita amakiro, na mara nyingi ilisemwa imeletwa na uzinzi wakati wa mimba. Sasa wewe ni mzazi wa wiki mbili, kichwa hakitulii, na ukifungua mdomo tu watu wanauliza ulikuwa na nani. Utasema?

Mwaka 1987 Cox na wenzake walitoa maswali kumi yanayoitwa kipimo cha Edinburgh, ambayo leo huulizwa hata kwa Kiswahili. Yanahusu siku saba zilizopita: umeweza kucheka, umekuwa ukijilaumu bure, umekosa usingizi kwa huzuni. La mwisho ni kama umewaza kujidhuru.

Kliniki hakuna aliyewahi kuniambia ana sonona. Walisema, "Nesi, moyo unanienda mbio," "mwili hauna nguvu," "mtoto akilala mimi nakodoa macho." Majirani wao husema ana jini, au amekuwa mvivu. Basi niseme kikazi: machozi ya siku za mwanzo huwapata wengi na huisha ndani ya wiki mbili. Yakipita hapo, chakula hakipandi na mtoto hatamaniki, huo ni ugonjwa na una tiba. Akisikia sauti, au akikesha bila kuchoka huku maneno yake hayashikani, mpelekeni hospitali siku hiyohiyo. Mganga asubiri. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa katika nchi zinazoendelea karibu mama mmoja kati ya watano waliojifungua ana tatizo la akili, na kubwa ni sonona.

Dawa ipo, na si lazima ianze na daktari bingwa. Vijijini karibu na Rawalpindi, Pakistan, Profesa Atif Rahman na wenzake waliwafundisha wahudumu wa afya wa kawaida, wanawake wa vijiji hivyohivyo, kuwatembelea wajawazito wenye sonona kwa mazungumzo ya tiba na kuendelea nao baada ya kujifungua. Matokeo yalichapishwa mwaka 2008: mtoto akiwa na miezi sita, mama waliobaki na sonona walikuwa asilimia 23, wakati kwa waliotembelewa bila mazungumzo hayo walikuwa asilimia 53. Nilichokipenda zaidi ni ujanja wao. Mlangoni hawakusema wamekuja kumtibu mkwe mwenye huzuni. Walisema wamekuja kwa ajili ya afya ya mtoto. Kwa mjukuu, bibi gani atafunga mlango?

Siku ya harusi tunamwambia binti avumilie, kana kwamba nguvu ya mzazi inatoka moyoni mwake tu. Inatoka kwa anayeosha nepi. Sheria yetu inampa mwajiriwa siku 84 za likizo yenye malipo, na 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Muuza samaki hana hata moja. Mpwa wangu yuko Columbus, Ohio, na sheria ya Marekani nzima haimlazimishi mwajiri kumlipa mzazi likizo. Mama yake alimwelekeza kufunga mkaja kwa simu ya video, mumewe akishika upande mmoja wa kitambaa, naye, mkwe mzima, akigeuza uso kwa haya.

Kliniki zetu zinaweza kuanza na kilichopo. Foleni ya mizani mara nyingi huchukua saa nzima, na maswali kumi hayazidi dakika tano. Mhudumu wa afya wa mtaa anaijua nyumba ya kila anayejibu vibaya. Apewe mafunzo, apewe na nauli.