Tasnifu Isiyokwisha

Katika nyumba zetu nyingi siku hizi yumo mtu mmoja, awe ni baba, mama, au kijana ambaye bado hajaoa, aliyejiunga na Chuo Kikuu kwa masomo ya jioni ili apate Shahada ya Uzamili katika Uongozi wa Biashara. Karo imelipwa, mitihani yote ameishinda, na jamaa wamekwisha kumhesabu kuwa amehitimu. Lakini hakuhitimu. Imebaki tasnifu, yaani kile kitabu cha utafiti ambacho mwanafunzi hana budi kukitunga yeye mwenyewe ili ionekane kwamba elimu aliyopewa imemwingia. Mwezi unapita, mwaka unapita, na kitabu hakiandikwi.

Nitaeleza habari za jirani yetu mmoja wa hapa Mombasa. Jina lake sitalitaja, kwani yaliyompata yeye yamewapata wengi, na mwenyewe ameniruhusu niyaseme ili wengine wanufaike.

Bwana huyu ni karani katika ofisi ya wakala wa forodha. Kwa muda wa miaka miwili alikuwa akitoka kazini huenda darasani, na hurudi nyumbani watoto wamekwisha lala. Masomo alipoyamaliza, aliandika pendekezo la utafiti juu ya uongozi na maendeleo ya biashara ndogo ndogo katika Kenya nzima. Msimamizi wake akalirudisha, limejaa wino mwekundu. Jirani yetu akaona haya. Akaliweka kabatini, akasema ataliangalia baada ya Ramadhani. Ramadhani ikaja, ikapita, na nyingine ikaja. Mama yake alipomwuliza, alijibu, "Karibu, inshallah." Msimamizi alipompigia simu, hakuipokea.

Ndugu wasomaji, hapa ndipo wengi wanapokwama. Si kwamba akili zao ni chache. Mtu ambaye ofisini hupitisha hesabu za mamilioni, hushindwa kumkabili mwalimu wake kwa sababu ya kurasa chache zilizosahihishwa. Na kila siku anayokawia, haya inazidi, na kwa kuwa haya inazidi, anakawia.

Masomo haya asili yake ni Marekani, ambako Chuo Kikuu cha Harvard kilifungua skuli yake ya biashara mwaka 1908 na kuanza kutoa shahada ya namna hii. Leo vyuo vingi vya nchi za nje humpa mwanafunzi shahada hiyo bila ya kumtaka tasnifu. Lakini katika vyuo vingi vya Afrika ya Mashariki utafiti ungali ni sharti. Wako wanaolinung'unikia sharti hili. Mimi naona lina faida, kwani darasani mtu husoma biashara za watu wa mbali, na katika tasnifu hulazimika kuziangalia za kwao.

Ulipotimia mwaka na nusu, mtu mmoja alimwendea jirani yetu na shauri: "Nipe kiasi fulani cha fedha, baada ya wiki sita utaipata tasnifu imekwisha, wala hapana atakayejua." Jambo hili si geni. Filamu iitwayo The Shadow Scholars, iliyotoka mwaka 2024, inamfuata Profesa Patricia Kingori wa Chuo Kikuu cha Oxford akiwatafuta vijana wa Kenya wenye elimu nzuri wanaoishi kwa kuwaandikia kazi wanafunzi wa nchi za nje. Uingereza, kwa sheria ya mwaka 2022, ilifanya kuwa ni kosa la jinai kuuza huduma hiyo katika England. Kwa hivyo soko lipo, na walaji wake si wa nchi moja.

Fedha hazikumtosha, basi akamwendea mkewe amkopeshe zile alizokuwa akiziweka katika mchezo wa upatu. Mkewe hakumfokea. Alimwuliza neno moja tu: "Bwana, na siku ya kuitetea mbele ya watahini, atakwenda nani?"

Bwana hakuwa na jibu. Usiku ule hakulala vizuri. Alikumbuka kwamba cheti kile angekitundika ukutani, mbele ya watoto ambao kila siku huwaambia wasiige mitihani. Asubuhi yake alimpigia simu msimamizi.

Alitazamia kukemewa. Msimamizi alimkaribisha, akamwuliza, "Hasa unataka kujua nini?" Jirani yetu akaeleza kwamba marehemu baba yake alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi, nalo lilikufa kwa sababu ya kukopesha, daima alitaka kujua kwa nini wengine hukopesha wakanawiri. "Basi hiyo ndiyo tasnifu yako," akaambiwa. Kenya nzima ikaondoka, yakabaki maduka ya vifaa vya ujenzi ya mji mmoja, na jambo moja: kuuza kwa mkopo.

Swali likiwa dogo, kazi hupata mpango. Huanza utangulizi, kisha mapitio ya yale waliyoandika wengine, kisha njia za utafiti, kisha matokeo, kisha hitimisho na mapendekezo. Tuchukue mfano wa hesabu inayowatisha wengi, nayo ni ya kujua watu wangapi waulizwe. Wanafunzi wetu wengi huitumia kanuni ya mtaalamu wa takwimu Taro Yamane. Ikiwa maduka ni 240, na kosa linalovumiliwa ni asilimia 5, basi 0.05 huzidishwa kwa 0.05, ikawa 0.0025, hiyo ikizidishwa kwa 240 hupatikana 0.6, ongeza 1, ikawa 1.6, gawa 240 kwa 1.6, jawabu ni maduka 150. Mtoto wa skuli aweza kuifanya.

Kisha hutafutwa kibali, ambacho kwa Kenya hutolewa na tume ya taifa ya sayansi iitwayo NACOSTI, ndipo mtu aende kwa watu na hojaji yake. Jirani yetu alikuwa akizunguka kila siku baada ya sala ya Alasiri. Baadhi ya wenye maduka walimdhania kuwa ni mtu wa kodi, wakamwambia mwenyewe hayupo, ilhali mwenyewe ndiye aliyekuwa akisema. Aliwarudia mara tatu, mara nne. Mzee mmoja alimwonyesha madaftari yake ya madeni, kila deni na tarehe yake na sahihi ya mdaiwa, akamwambia kwamba hakuna alichokivumbua, kwani aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, iliyomo katika Suratul Baqara, inaamrisha deni liandikwe na lishuhudiwe. Jirani yetu alikuwa akiijua aya ile tangu chuoni, lakini siku hiyo aliiona ikifanya kazi juu ya meza ya duka.

Hayo hayanunuliki. Yule mwandishi wa kukodiwa angetia majibu ya kubuni, nayo yangetoka safi kuliko yale ya kweli. Kadhalika siku hizi ziko programu za kompyuta ziandikazo zenyewe. Zaweza kumfaa mtu katika kusahihisha lugha, pale chuo kinaporuhusu. Lakini mara nyingine hutaja vitabu ambavyo havikuandikwa na mtu yeyote, kwa majina ya kupendeza na miaka yake. Wanazuoni wetu wa Hadithi hawakuipokea habari mpaka waijue isnadi yake, nani kaipokea kwa nani, na kila mmoja wao alikuwa mtu wa namna gani. Mwanafunzi wa Kiislamu anayetaja kitabu ambacho hakukiona, ameiacha njia ya wazee wake mwenyewe.

Ama watu wa nyumbani, nao wana sehemu yao. Mke wa jirani yetu alimpa saa moja na nusu baada ya sala ya Alfajiri, asiitwe wala asitumwe. Mama aliacha kuuliza, "Utamaliza lini?" akawa anauliza, "Jana umeandika nini?" Na anayesoma akiwa ni mke, basi mume naye na awaoge watoto na kuwapeleka skuli, kwani shahada yake ni fahari ya nyumba nzima, na taabu yake haifai iwe ya mmoja. Maneno 300 kwa siku si mengi. Ni barua moja ya kutosha. Lakini katika siku 50 yamekuwa maneno 15,000, nayo ni sehemu kubwa ya kitabu.

Jirani yetu aliandika kwa miezi saba. Siku ya utetezi, mtahini mmoja aliashiria jedwali fulani, akasema majibu yale hayaelekei kuwa ya kweli. Jirani yetu akamweleza ni maduka ya mtaa gani, kwa nini yalijibu hivyo, na ni wangapi waliokataa kujibu. Mtahini akaridhika. Alipewa masahihisho ya kurasa kadhaa, akayamaliza katika wiki mbili, hakuyatia kabatini.

Kitabu kilipofungwa jalada, alimpelekea mama yake, asiyejua Kiingereza. Bibi yule alikifungua, akapitisha kidole juu ya mistari, kisha akauliza, "Yote haya umeyaandika wewe?"

"Yote, mama."

Basi, ndugu msomaji, ikiwa nyumbani kwako iko tasnifu iliyolala, usingoje Ramadhani ijayo. Mpigie simu msimamizi wako leo hii, lipunguze swali lako mpaka liingie katika kiganja, na kesho baada ya Alfajiri uandike ukurasa mmoja. Na wewe ambaye husomi lakini unaishi na anayesoma, mwondolee kazi moja aliyonayo. Mwenyezi Mungu atuwafikishe sote katika elimu yenye manufaa. Amin.