Urefu Hupimwa kwa Nuru

Ule ufito wa platini na iridi uliotunzwa Sèvres, Ufaransa, tangu mwaka 1889 uwe asili ya mita zote, leo hauna hukumu tena. Kwani tangu 1983 mita ni masafa ivukayo nuru katika utupu kwa sehemu moja ya 299,792,458 ya sekunde. Chuma kimeondolewa ikawekwa nuru, wala badiliko hilo si la mafundi tu.

Mwaka 1887, huko Cleveland, Marekani, Albert Michelson na Edward Morley waliugawa mwale wa nuru wakaupeleka kwa njia mbili zilizokatana kwa pembe mraba, wakitaraji kwamba safari ya dunia angani ingeukawiza upande mmoja kuliko wa pili. Tofauti waliyoitaraji hawakuiona. George FitzGerald, na baadaye Hendrik Lorentz, wakanena kwamba kitu kiendacho hufupika upande ule kiendako. Kadiri waliipata, sababu ilibaki kwa Albert Einstein, mwaka 1905, nami sijui hoja ya elimu iliyo latifu kuliko yake. Kupima kitu kilicho mwendoni ni kuzitia alama ncha zake mbili kwa wakati mmoja. Na kwa kuwa mwendo wa nuru ni ule ule kwa kila mpimaji, mambo mawili yaliyotukia pamoja kwa aliyesimama stesheni hayakutukia pamoja kwa abiria wa garimoshi. Basi kila mmoja hupata urefu wake, na wote ni wakweli, ilhali hakuna kilichofinywa.

Ushahidi hutushukia kila saa. Kiasi cha kilomita 15 juu yetu, miali itokayo anga za mbali huzalisha chembe ziitwazo myuoni, ambazo umri wake wa wastani, sehemu 2.2 za milioni ya sekunde, hautoshi hata kwa nuru kuvuka zaidi ya mita 660. Nazo zafika ardhini kwa wingi. Kwetu sisi, saa ya myuoni iendayo kwa asilimia 99.9 ya mwendo wa nuru hukawia mara 22. Kwa myuoni yenyewe saa haina kasoro, bali zile kilomita 15 zimekuwa mita 670 hivi.

Lakini kupima si kuona. Mwaka 1959 Roger Penrose na James Terrell walibainisha kwamba tufe lipitalo kwa mwendo huo, ingawa kwa kipimo limebanwa, machoni mzingo wake hubaki duara kamili, kwa kuwa nuru ya sehemu zilizo mbali nasi ilitangulia kuondoka.