Masika, mbwa na nyoka: Yampasayo mkazi wa Jomvu Kuu aumwapo au apatapo mzio

MVUA za masika zinaponyesha Pwani kati ya Machi na Mei, nyasi hurefuka, mashimo hujaa maji na takataka huoza kando ya njia. Katika mitaa kama Jomvu Kuu, mji wa kale wa Waswahili ulio kando ya hori la Tudor, mabadiliko hayo huleta mambo mawili yanayowafikisha wengi hospitalini: kuumwa na wanyama, na mizio.

Mambo haya huonekana kuwa mbalimbali. Hata hivyo, yote mawili hudai uamuzi wa haraka nyumbani, kabla mgonjwa hajamwona daktari, na mara nyingi kosa linalogharimu maisha hutendeka katika saa hizo za mwanzo.

Hatari kubwa zaidi ya kuumwa na mbwa si jeraha lenyewe bali ni kichaa cha mbwa. Virusi vya maradhi hayo humo katika mate ya mnyama aliyeambukizwa. Vikiingia mwilini kupitia jeraha, husafiri polepole katika mishipa ya fahamu hadi kwenye ubongo.

Safari hiyo kwa kawaida huchukua miezi miwili au mitatu, ingawa yaweza kuwa wiki moja au hata mwaka mzima. Katika muda huo mtu huhisi yu mzima, na jeraha huenda likawa limepona. Dalili zikishajitokeza, kama vile kuogopa maji, kuweweseka na kupooza, karibu kila mgonjwa hufariki.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 kila mwaka, wengi wao barani Asia na Afrika. Nchini Kenya makadirio ya serikali ni vifo 2,000 kwa mwaka. Takriban visa 99 kati ya 100 vya binadamu hutokana na mbwa, na watoto ndio walio hatarini zaidi kwa kuwa hucheza na mbwa na pengine huficha kwamba wameumwa wakihofia kukaripiwa.

Jambo la kwanza la kufanya ni rahisi na halina gharama kubwa. Jeraha lioshwe papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa muda usiopungua dakika 15. Sabuni huviangamiza virusi vingi kabla havijapenya. Baada ya hapo lipakwe dawa ya kuua viini kama vile iodini.

Pilipili, mafuta ya taa, majivu au maji ya majani yasitiwe katika jeraha. Vitu hivyo huunguza nyama na havizuii maradhi.

Jambo la pili ni kufika kituo cha afya siku hiyo hiyo ili chanjo ianze. Kwa utaratibu wa sindano za msuli uliozoeleka, dozi hutolewa siku ya kuumwa, kisha siku ya 3, ya 7, ya 14 na ya 28. Jeraha likiwa limechimba au limetoa damu, mgonjwa huhitaji pia kudungwa kingamwili kwenye jeraha lenyewe. Daktari huamua vilevile kuhusu sindano ya pepopunda.

Anayeacha dozi njiani kwa sababu jeraha limekauka huhatarisha maisha yake. Kadhalika, mbwa aliyeuma asiuawe kwa hasira iwapo anaweza kufungiwa salama. Akiangaliwa kwa siku 10 na akabaki mzima, daktari hupata hakika kwamba hakuwa akieneza virusi siku alipouma. Hata hivyo, chanjo isingojee siku hizo kumi.

Paka, tumbiri, punda na hata mbuzi waweza kuambukizwa, hivyo mkwaruzo wa mnyama yeyote kati yao usipuuzwe.

Nyoka nao hutoka mafichoni wakati wa mvua, wakikimbia mashimo yaliyofurika na kuwafuata panya karibu na nyumba. Pwani ya Kenya ina kifutu, ambaye sumu yake huvimbisha na kuozesha nyama, koboko, ambaye sumu yake hushambulia mishipa ya fahamu na kuzuia pumzi, na swila, ambaye huweza kutema sumu machoni.

Aliyeumwa na nyoka atulizwe, avuliwe pete na bangili, kisha kiungo kilichoumwa kifungwe kwa ubao kisitikisike, naye akimbizwe hospitalini. Jeraha lisichanjwe kwa wembe, lisifyonzwe kwa mdomo wala lisikazwe kwa kamba. Kamba hukatiza damu na imewafanya watu kukatwa viungo ambavyo vingeweza kuokolewa. Jiwe jeusi linalobandikwa kwenye jeraha halinyonyi sumu. Aliyetemewa sumu machoni aoshwe macho kwa maji mengi safi.

Hapa ndipo kuumwa na mizio hukutana. Dawa ya kuua sumu ya nyoka hutengenezwa kutokana na damu ya wanyama, hasa farasi, na baadhi ya wagonjwa hupata mzio mkali wanapodungwa. Kwa hiyo hutolewa hospitalini, penye wahudumu na dawa ya adrenalini, wala si nyumbani.

Mzio mkali wa aina hiyo huweza pia kusababishwa na nyuki au manyigu. Midomo na ulimi vikivimba, pumzi ikibana au mtu akizimia baada ya kuumwa na mdudu, hiyo ni dharura ya dakika chache.

Mizio ya msimu haitishi kiasi hicho, lakini husumbua kwa wiki nyingi. Baada ya mvua, chavua ya nyasi husambazwa na upepo, nao ukungu huota kwenye kuta zenye unyevu. Wakati wa kaskazi, vumbi huchukua zamu.

Wengi hudhani ni mafua na kununua dawa za viuavijasumu bila faida. Mzio kwa kawaida hauleti homa. Huleta chafya mfululizo, makamasi mepesi na mwasho wa macho na pua. Dalili hizo zikirudi kila mwaka majira yale yale, mzio ndio wa kushukiwa.

Dawa za kutuliza mzio husaidia, ila baadhi huleta usingizi na hazimfai anayeendesha bodaboda au matatu. Godoro na mito vianikwe juani, ukungu ufutwe ukutani, na mwenye pumu aepushwe na moshi wa udi na wa dawa ya mbu. Kifua kikianza kulia au pumzi kukatika, aonwe na daktari.

Kuhusu mbwa, kinga imara ni kuwachanja wanyama wenyewe. Wataalamu husema mbwa 70 kati ya kila 100 wakichanjwa, maambukizi hukatika. Kisiwani Pemba, kampeni za chanjo ziliukomesha ugonjwa huo. Ulirejea mwaka 2016 kutoka nje ya kisiwa, ukadhibitiwa tena kufikia 2018 kwa kuwachanja mbwa upya.

Tangu mwaka 2013 huduma za afya na za mifugo zimekuwa mikononi mwa kaunti. Kwa mkazi wa Jomvu Kuu, basi, kumpeleka mbwa wake kuchanjwa, kufyeka nyasi karibu na nyumba na kuzoa taka zinazowavuta panya na mbwa koko ni kazi ya kukamilishwa kabla masika hayajaanza.