Papa Shirandula: Siri Ilipopungua Makali (Sehemu ya Pili)

Juma lililopita tuliiacha Vitimbi ya KBC kwa Mzee Ojwang', marehemu Benson Wanjau, Mkikuyu aliyewachekesha Wakenya kwa lafudhi ya Kijaluo. Leo tuingie Citizen, kwenye kipindi ambacho Bungoma na Kitale zilikipokea kama chao.

Mwanzoni, nguvu ya Papa Shirandula ilikuwa siri moja. Papa, aliyeigizwa na Charles Bukeko, hutoka nyumbani amevaa suti kama mkubwa wa ofisi, kumbe ni soja wa lango. Mkewe Wilbroda, ambaye ni Jacqueline Nyaminde, hajui. Huku Magharibi hatukuhitaji kufafanuliwa. Ni vijana wangapi wamepanda basi la usiku kwenda Nairobi, wakaishia kulinda malango ya watu, na nyumbani wakasema tu kwamba wamepata kazi? Tulicheka huku tukiwaona wajomba zetu. Kwangu mimi, hiyo ndiyo misimu iliyo bora kuliko yote.

Lakini kipindi cha kila wiki, kilichodumu zaidi ya miaka 10, hakiwezi kula siri moja daima. Visa vikahamia kwa wahusika wa pembeni: yaya Awinja wa Jacky Vike, Njoro wa Kenneth Gichoya, Otoyo wa Kazungu Matano, Jalang'o wa Felix Odiwuor. Ucheshi ukaegemea lafudhi.

Hapo, nadhani, miji yetu miwili ilisikia mambo tofauti. Kitale ilikuwa ya walowezi, mashamba yakagawanywa baada ya uhuru. Mbukusu, Mkikuyu, Msabaoti na Mturkana wanakutana soko moja, na kila mmoja alipata lafudhi ya jirani ya kumchekesha. Bungoma, wengi wetu tulisikia lafudhi yetu wenyewe, wiki baada ya wiki, kinywani mwa soja na yaya. Hilo liliniuma, na bado linaniuma. Namtetea Awinja hata hivyo: Vike alimpa ulimi mwepesi na akili ya kupenya kila tundu, hakumfanya mjinga.

Odiwuor alihamia redioni, na mwaka 2022 akachaguliwa mbunge wa Lang'ata. Bukeko alibaki, akikibeba kipindi kwa macho na mwili hata hadithi zilipokonda, hadi alipofariki Julai 18, 2020. Alizikwa kwao Busia.

Juma lijalo tutawafuata wachekeshaji waliohamia mitandaoni.