NAMBA YENYE TARAKIMU 21: JE, NI TASA?

Kila mtoto aliyejifunza hesabu shuleni ajua ya kuwa 15 hugawanyika kwa 3 na kwa 5 pasipo kubaki kitu. Lakini 7 haigawanyiki hivyo, ila kwa 1 na kwa 7 yenyewe. Namba ya namna hii huitwa namba tasa. Iwapo ni ndogo, kuitambua ni kazi nyepesi. Iwapo ni kubwa, hata mabingwa huweza kukosea.

Katika mwaka 1644 mtawa mmoja wa Ufaransa, Marin Mersenne, alichapisha kitabu ambamo alizitaja namba zipatikanazo kwa njia hii: twaa 2, uizidishe kwa 2 tena na tena, kisha utoe 1. Kwa mfano, 2 tatu zikizidishwa pamoja hupatikana 8. Toa 1, yabaki 7, nayo ni tasa. Lakini 2 kumi na moja zikizidishwa hupatikana 2,048. Toa 1, yabaki 2,047, nayo si tasa, kwa maana ni 23 mara 89. Mersenne alisema kwamba 2 sitini na saba zikizidishwa, kisha ikatolewa 1, namba ibakiyo ni tasa. Namba yenyewe ni hii:

147,573,952,589,676,412,927

Yaishia kwa 7, basi haigawanyiki kwa 2 wala kwa 5. Tarakimu zake zikijumlishwa ni 109, na kwa kuwa 109 haigawanyiki kwa 3, namba yote haigawanyiki kwa 3. Hata hivyo, kushinda majaribio hayo machache si ushahidi, na Mersenne hakuuonyesha ushahidi wake.

Ilipita miaka 232. Mwaka 1876 Mfaransa mwingine, Édouard Lucas, alithibitisha kwamba namba hiyo si tasa. Ajabu ni kwamba hakujua yagawanyika kwa namba gani. Alikuwa kama mtu atikisaye debe lililofungwa: kwa mlio wake ajua kwamba ndani mna vitu zaidi ya kimoja, ingawa hajaviona.

Debe lilifunguliwa mwaka 1903 na Mmarekani, Frank Nelson Cole, katika mkutano wa wataalamu wa hesabu mjini New York. Husimuliwa kwamba alikwenda ubaoni pasipo kusema neno, akaikokotoa namba ya Mersenne. Kisha, kando yake, akazidisha 193,707,721 kwa 761,838,257,287. Majibu yakawa sawasawa, na wote wakampigia makofi.

Siku hizi kompyuta huigawanya namba hiyo kwa muda mfupi sana. Lakini namba zenye mamia ya tarakimu zaweza kuzishinda hata kompyuta, na kwa sababu hiyo hutumiwa kulinda siri za mabenki na za serikali.

Msomaji mwenye karatasi na kalamu aweza kuzizidisha zile namba mbili za Cole kwa jioni moja, akajionea mwenyewe. Neno la mtu mwenye elimu lastahili heshima. Lakini katika hesabu, hata neno lake hupimwa.