Kasha lenye milango mitatu, diski ni ile ile moja

Aghalabu walimu na wanafunzi wetu hununua kasha la diski kwa kutazama maandishi yaliyo kwenye boksi. Muuzaji wa Luthuli Avenue husoma kwa sauti ile tarakimu iliyo kubwa kuliko zote, mnunuzi hutikisa kichwa, na biashara ikaisha. Naam, tarakimu hiyo huwa ya kweli. Lakini ni ukweli unaohusu waya, nao waya ni sehemu ndogo ya kisa chenyewe.

Nayasema haya kwa sababu majuzi nilitwikwa jukumu la kuamua iwapo idara yetu ilitumie au ilitupe kasha moja lililoachwa na mwenzetu aliyestaafu. Ndani yake mna takriban saa 200 za mazungumzo ya Kiamu, Kipate na Kitikuu, yaliyorekodiwa kwa miaka mingi. Baadhi ya wazee wanaosikika humo wamekwisha kuaga dunia. Hakuna bajeti ya utafiti, hata iwe nono vipi, itakayowarudisha wazungumze tena. Kwa hiyo msomaji ataelewa kwa nini sikuharakia kutoa uamuzi.

Kasha lenyewe ni la ukubwa wa daftari dogo, la bati, lenye matundu matatu ya kuchomeka waya: USB 3.0, FireWire 800 na eSATA. (Wanafunzi wangu hupendelea kuliita “keisi”. Mimi nashikilia “kasha”, maana neno lipo, na Waswahili wamehifadhi vitu vya thamani ndani ya makasha tangu jadi.)

Ili kulipima kasha kama hili, yafaa kwanza kufahamu linafanya nini. Diski iliyomo inajua lugha moja tu, iitwayo SATA. Tarakilishi inayouliza kupitia tundu la USB au la FireWire inasema lugha nyingine kabisa. Kati yao pana kijibodi chenye chipu ambayo kazi yake ni ukalimani. Tundu la eSATA, lililobuniwa mwaka wa 2004, ndilo pekee lisilohitaji tafsiri, kwani lugha yake ni ile ile ya diski.

Sasa tuzitazame zile tarakimu. USB 3.0, ya mwaka wa 2008, inaweza kupitisha gigabiti 5 kwa sekunde. eSATA gigabiti 3. FireWire 800, kama jina linavyodokeza, takriban megabiti 800. Mtu angedhani kwamba ya kwanza ni bora mara sita kuliko ya mwisho. Hebu tupige hesabu. Saa moja ya sauti iliyorekodiwa kwa sampuli 48,000 kwa sekunde, biti 24, njia mbili, huchukua karibu gigabaiti 1.04. Saa 200, basi, ni kama gigabaiti 207. Diski ndogo ya kuzunguka, ile ya inchi 2.5, husoma takriban megabaiti 100 kwa sekunde inapokuwa katika hali nzuri. Kwa kasi hiyo, mzigo wetu wote unahamishika kwa dakika 35 hivi, utumie USB 3.0 au eSATA, kwani zote mbili zinaisubiri diski. FireWire 800, ikienda megabaiti 80 kwa sekunde, itatumia dakika 43. Tofauti ni muda wa kunywa kikombe cha chai. Tofauti yenye maana hujitokeza pale tu unapolazimika kutumia tundu la zamani la USB 2.0, ambalo kwa kawaida halizidi sana megabaiti 30 kwa sekunde: hapo kazi ile ile hukaribia saa mbili. Ukiondoa diski ya kuzunguka na kutia ile isiyo na kiungo kinachosogea, mambo hubadilika na USB 3.0 huipita FireWire kwa mbali.

Jambo ambalo boksi halilisemi waziwazi ni umeme. FireWire 800 na USB hupeleka data na nguvu za umeme katika waya mmoja. eSATA haipeleki umeme hata chembe, hivi kwamba anayeitumia hana budi kuchomeka waya wa pili. Tundu la USB 2.0 huahidi miliampea 500, na la USB 3.0 miliampea 900. Diski inapoanza kuzunguka huenda ikadai zaidi ya hizo 500. Mlio wa “tik, tik” unaosikika wakati huo, diski ikijaribu na kushindwa, mara nyingi ni njaa ya umeme wala si ugonjwa, na kabla hujakata tamaa jaribu tundu jingine au waya mfupi zaidi. Kwa shule zetu, ambako stima hupotea bila hodi, hii ndiyo sababu ninayoipendelea diski ndogo inayolishwa na kipakatalishi: betri ya kipakatalishi huilinda nayo pia. Zile kubwa za inchi 3.5 zinazotegemea adapta ya ukutani huzimika papo hapo, hata katikati ya kuandika faili.

Tumrudie mkalimani. Chipu ile ikiungua, diski haijafa. Imekosa tu wa kuisemea. Kasha linalofunguka kwa bisibisi hukuwezesha kuitoa diski na kuitia katika kasha jingine, na hili kwangu lina uzito kuliko matundu yote matatu. Kuna diski za nje zinazouzwa zikiwa tayari, nzuri kwa sura, ambazo tundu la USB limeunganishwa kwenye bodi ya diski yenyewe. Hizo hazina SATA ya kuchomoa. Kuna na makasha yanayoandika data kwa siri ya chipu, hivi kwamba chipu ikifa huzika maana pamoja nayo. Kasha letu lilikuwa na skrubu nne. Nikalifungua, nikaona diski ya kawaida, nikafurahi.

Je, wingi wa matundu hauna faida? Unayo, ila si ile inayotangazwa. FireWire, ambayo kiwango chake cha kwanza kilitolewa mwaka wa 1995, haimo tena katika tarakilishi mpya, na Apple iliyoshiriki kuibuni iliiacha kitambo. Hata hivyo mashine kuukuu ya mwenzetu, yenye faili ambazo hazijanakiliwa popote, ina FireWire 800, na tundu lake jingine ni USB 2.0. Kwa mashine hiyo moja, lile tundu ninalolidharau ndilo la haraka kuliko yote. Na USB 3.0 ina ukarimu wake: waya mwembamba wa simu za zamani huingia katika nusu moja ya tundu pana la kasha na kufanya kazi, kwa mwendo wa USB 2.0, mradi uwe waya unaopitisha data, si wa kuchaji tu.

Nikaamua tulitumie, kwa masharti. Milango mitatu haifanyi nyumba tatu, na diski iliyoanguka sakafuni haitajali ina matundu mangapi. Tumenunua kasha la pili, la USB pekee, lenye skrubu; tumenakili kila kitu, tukalinganisha nakala na asili faili kwa faili, na hilo la pili linakaa katika jengo jingine. Zote mbili zimeumbizwa kwa mfumo wa exFAT ili Windows na Mac zisome bila kubaguana. Waya wa FireWire nimeutia ndani ya bahasha na kuandika juu yake jina la mashine ambayo bado inauhitaji.